Usaili umefanyika kwa haki, sawa. Mkataba utaongezwa kwa kigezo gani?

Kaimu wa Kudumu (mleta uzi)

Wakuu salama? Nimekuwa nafuatilia mijadala ya ajira za serikali na kila mara tunaishia palepale, usaili, usaili, usaili. Nani kaitwa, nani kaachwa, maswali yamevuja, kimemo kimetoka kwa nani. Sisemi hayo hayana maana, yana maana kubwa tu, ila mi naona tunalinda geti moja. Mtu akishaingia kwa alama zake mwenyewe, akapewa mkataba wa miaka 2 au 3, hapo ndo mchezo wenyewe unaanza na hamna anayeuangalia. Mkataba ukikaribia kuisha nani anaamua aendelee au aondoke, na huyo mwamuzi anaangalia nini?

Ofisi nyingi anaamua bosi mmoja, na anaangalia anachotaka yeye.

Kuna mfano ukiusoma unacheka halafu unaacha kucheka. Marekani mwaka 1820 walipitisha sheria kwamba maofisa wanaoshika pesa za umma, wakusanya ushuru wa forodha, wapokeaji wa pesa za ardhi na wenzao, wawe na kipindi cha miaka 4 tu, kikiisha wateuliwe upya. Kwenye karatasi ilikuwa nzuri kabisa, kila miaka 4 mtu anafunga hesabu, zinakaguliwa, akiwa safi anaendelea. Thomas Jefferson, keshastaafu urais wakati huo, alimwandikia rais mstaafu mwenzake, James Madison, akilalamika kwamba sheria hii itawafanya waliomo na wanaotaka kuingia wote wawe watu wa kujipendekeza kwa maseneta. Na ndicho kilichotokea. Andrew Jackson alipoingia urais 1829 na siasa yake ya vyeo kuzunguka, kile kikomo cha miaka 4 kikawa silaha, huna haja ya kumfukuza mtu, unasubiri tu kipindi chake kiishe halafu unakaa kimya. Hamna tuhuma, hamna kesi, hamna barua ya kujieleza. Na ule ukaguzi wa hesabu ambao ndo ulikuwa sababu? Samuel Swartwout, mkusanya ushuru wa bandari ya New York aliyewekwa na huyohuyo Jackson, alikaa kwenye kiti mpaka 1838, akakimbilia Ulaya, hesabu zikakutwa pungufu zaidi ya dola milioni 1.2. Dola za enzi hizo!

Mabadiliko yalikuja kwa damu. Rais Garfield alipigwa risasi Julai 1881 na Charles Guiteau, jamaa aliyejiaminisha kwamba anastahili kupewa ukonseli wa Paris kwa sababu eti alimpigia kampeni. Garfield akafariki Septemba, na Januari 1883 ikasainiwa sheria ya Pendleton, watu waingie kwa mtihani wa ushindani. Mwanzoni iligusa karibu asilimia 10 tu ya nafasi za serikali kuu. Na aliyeisaini ni Chester Arthur, ambaye mwenyewe alikulia kisiasa kwenye forodha ileile ya New York kwa mfumo uleule wa kupeana vyeo, maisha haya bwana.

Sasa sikilizeni hapa maana ndo penye hoja yangu. Wanamageuzi wa wakati ule, George William Curtis akiwa mbele, waliamini mlango wa mbele ukilindwa vizuri, wa nyuma utajilinda wenyewe. Yaani utamtoa mtu ili umweke nani, wakati anayekuja kuziba pengo lazima naye apite kwenye mtihani? Ukiisikia inaingia akilini, lakini haikutosha. Ilibidi 1897 Rais McKinley atoe amri kwamba mtu aliyeingia kwa mtihani asiondolewe bila sababu ya haki, na ulinzi wenyewe ukaja kuwekwa kwenye sheria 1912. Miaka 29 kutoka kulinda kuingia mpaka kulinda kubaki! Sisi huku bado tuko kwenye ule mwaka wa kwanza tunashangilia kwamba usaili uliwekwa kwenye kompyuta.

Chukua afisa manunuzi yeyote, kaingia kwa haki, kashinda wenzake kibao. Mkataba umebakiza miezi mitatu. Inaletwa ankara mezani, bei haifanani na iliyoko kwenye zabuni, na anayeileta ni yuleyule atakayeandika "napendekeza aongezewe" au asiandike kitu. Hamna aliyemtishia, hamna aliyesema neno. Ankara imewekwa tu mezani na kalamu juu yake. Mwambie sasa ule usaili wa haki unamsaidia nini saa hiyo.

Karibuni tujadili, matusi hapana.

Sina Kimemo

Mkuu umenena ila wengine hata hilo geti la kwanza hatujalivuka, unatuongelesha ya chumbani wakati tuko nje mvua inanyesha. Mi nataka kujua kitu kimoja, mtu ukitoka kwenye intavyuu unajuaje kama ilikuwa ya kweli au mlikuwa mnasindikiza mtu? Maana nimefanya nyingi na zote wanakwambia "asante tutakupigia".

Panya wa Masjala

Sina Kimemo, angalia walikuwa wanaandika na nini.

Siyo utani. Niliwahi kuwekwa kuwa katibu wa jopo la usaili, kazi yangu kugawa fomu, kuzikusanya na kujumlisha. Fomu ilikuwa nzuri, maswali matano, kila swali na alama zake, sehemu ya saini chini. Kabla hatujaanza mwenyekiti akasema jamani tutumie penseli kwanza, tutakuja kupitia kwa kalamu tukishawekana sawa. Nikajua tayari. Alipomaliza dada mmoja, kajibu vizuri mpaka wajumbe wanatikisa kichwa, fomu zake tatu zilikuwa na sabini na kitu. Akaingia kijana anayengojewa, kajikanyagakanyaga pale. Mchana tukapumzika, kurudi mwenyekiti anasema "tuangalie na picha kubwa". Ufutio ukaanza kazi. Mi nilikuwa naona unga wa ufutio mezani mbele ya mjumbe mmoja, anaupuliza taratibu bila kumwangalia mtu. Yule dada akashuka kwenye hamsini na kitu, kijana akapanda. Jumla nilijumlisha mimi na ilikuwa sahihi kabisa, hesabu hazikuwa na kosa hata moja.

Kwa hiyo mkitaka haki muanzie hapo, kila mjumbe aandike alama zake kwa wino, asaini, akabidhi fomu kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Mkijadili mjadili baadaye, na anayebadilisha akate kwa mstari mmoja, ya zamani ionekane, aandike sababu.

Dokta Takwimu

Naongezea kidogo kwa Panya. Hili la usaili limechunguzwa sana kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 kuona ni kipimo gani kinatabiri mtu atafanya kazi vizuri. Usaili wa kupangwa, yaani wote mnaulizwa maswali yaleyale na majibu yana mizani iliyowekwa kabla, ulipata 0.51 (0 ni kubahatisha tu, 1 ni kutabiri bila kukosea), wa kupiga stori ukapata 0.38. Miaka ya uzoefu peke yake ilipata 0.18, na sisi kila tangazo "uzoefu usiopungua miaka 5"! Kusoma tabia ya mtu kwa mwandiko wake ilikuwa 0.02, hiyo ni sawa na kupiga ramli.

2022 Paul Sackett na wenzake wakarudia hesabu kwa uangalifu zaidi, namba nyingi zikashuka, usaili wa kupangwa ukawa 0.42 lakini ndo ukawa wa kwanza kwenye orodha. Sasa muone wenyewe, hata kipimo bora kabisa kinabakiza mengi yasiyojulikana kuhusu mtu. Ndo maana kipindi cha majaribio na tathmini ya baadaye siyo mapambo, ni sehemu ya kipimo. Mleta uzi yuko sahihi kwa sababu ambayo hata yeye hakuitaja.

Kaimu wa Kudumu

Dokta hapo umenibeba, asante.

Hoja Baridi

Mi nitawaharibia starehe. Mnaongea kana kwamba kuongezewa mkataba ni haki ya kuzaliwa. Mkataba ni mkataba, una tarehe ya kuisha na mtu kausaini akiwa na akili timamu. Serikali nyingi zilikwenda kwenye mikataba kwa sababu ajira za kudumu zilizalisha watu wanaokuja kazini kutundika koti kwenye kiti na kupotea mpaka jioni. Huyo huwezi kumgusa, ukimgusa ni rufaa, kamati, rufaa tena, anastaafu kesi haijaisha. Mkataba unamweka mtu macho. Mkishaweka vigezo, kamati mbili, rufaa na barua za maelezo, mmerudisha ajira ya kudumu kwa mlango wa uani na jina jipya. Halafu mwananchi aliyekaa foleni kwenye dirisha nani anamtetea? Maana kwenye huu uzi wote naona watumishi wanalia tu.

Sina Kimemo

Hoja Baridi leo umeamka na hasira ila una kapointi

Kaimu wa Kudumu

Hoja Baridi nakujibu kwa heshima maana umeleta hoja na siyo povu. Nakubali mtu wa koti kwenye kiti yupo, tunamjua wote. Ila jiulize, mkataba wa kuongezwa kwa utashi wa bosi unamtoa huyo mtu wa koti, au unamtoa yule anayeuliza maswali? Mvivu mwenye adabu hana shida na bosi, anamsalimia vizuri, hapingi kitu, anaongezewa. Anayekwama ni yule aliyerudisha dokezo na maandishi mekundu pembeni.

Na kuhusu vigezo, mi sitaki vigezo ili kila mtu abaki, nataka vigezo ili watu waondoke kwa sababu inayoeleweka. Tatizo letu la pili ni hilohilo, tathmini haimwangushi mtu. Siyo ugonjwa wa kwetu peke yetu. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani iliangalia tathmini za mwaka 2013 ikakuta karibu asilimia 99 ya watumishi wa kudumu wa serikali kuu, ukiwatoa wale wakuu wa juu, wamepewa "anatimiza kazi kikamilifu" au zaidi. Asilimia 99 aisee! Sasa ukiwa na fomu inayosema wote ni wazuri na unatakiwa kumwacha mtu mmoja, utaamua kwa kitu gani kingine kama siyo sura? Tathmini ya kupendezeshana na uamuzi wa kimemo ni ndugu wa tumbo moja.

Mwananchi wa dirishani unayemtetea anaumizwa na hao wote wawili, aliyebaki kwa uoga na aliyebaki kwa udugu.

Shangazi wa Faili

Wanangu habari zenu. Mimi nimekaa idara ya utumishi muda mrefu, naomba niwaeleze inavyokwenda huku ndani maana mnaongelea kanuni na mimi nimezishika kwa mkono.

Kwanza tathmini. Malengo yanatakiwa yaandikwe mwanzo wa mwaka, mtumishi na msimamizi wakubaliane, katikati ya mwaka wakae tena waangalie, mwisho wa mwaka wapeane alama. Kinachotokea ni kwamba fomu zinajazwa zote jioni moja, siku ya mwisho, malengo yanaandikwa kwa kuangalia kilichokwisha kufanyika. Nilishapokea fomu ya tathmini ya nusu mwaka na ya mwaka mzima zina wino uleule, mkunjo uleule na tone la chai lililopenya karatasi zote mbili. Naifanyia nini? Naipokea, naweka kwenye faili.

Pili muda. Hapa ndo watu wengi wanaumia kuliko hata upendeleo. Hakuna anayesema "humwongezei fulani". Barua inakaa. Mkubwa yuko safarini, faili liko mezani kwake, mkataba unaisha Ijumaa, Jumatatu mtu anakuja kazini kwa sababu hajaambiwa asije. Anafanya kazi wiki kadhaa hana mkataba, mshahara haujulikani, hawezi kugombana na mtu yeyote maana kisheria hata hayupo. Mtu wa namna hiyo ukimpelekea karatasi yoyote anasaini. Mleta uzi mfano wako wa ankara una ukweli ila mara nyingi hata njama haipo, ni uzembe tu, halafu mjanja anautumia.

Tatu, kilichowahi kufanya kazi. Tuliwahi kuwa na mkubwa mmoja aliweka utaratibu mdogo sana: miezi sita kabla ya mkataba kuisha faili linatoka lenyewe, msimamizi ana wiki mbili kuandika anapendekeza nini na kwa nini, akishindwa faili linakwenda kwa watu watatu wasiokuwa idara yake na wao wanaamua kwa kuangalia malengo yaliyoandikwa. Anayekataliwa anapewa sababu kwenye karatasi na anaweza kuipinga. Hoja Baridi mwanangu, kwa utaratibu huo waliondoka watu wengi kuliko zamani! Kwa sababu msimamizi akilazimishwa kuandika "kwa nini abaki" na hana cha kuandika, inaonekana. Alipohamishwa huyo mkubwa utaratibu ukafa kimyakimya, aliyefuata alisema unachelewesha maamuzi.

Hoja Baridi

Shangazi shikamoo. Hapo kwenye walioondoka wengi nimekaa chini.

Shangazi wa Faili

Marahaba mwanangu.

Mto Hauna Haraka

Swali la kichokozi. Kila mkisema sifa, sifa, kuna watu wanatoka maeneo ambayo shule zilikuja juzi, hao sifa zao zitashindana vipi na za mtoto aliyesoma kwenye shule yenye maabara? Isije "kwa sifa" ikawa njia ya kistaarabu ya kuajiri watu walewale.

Dokta Takwimu

Siyo kichokozi, ni la msingi. Katiba ya Kenya ya 2010 kwenye kifungu cha 232 imeyaweka yote pamoja, ushindani wa haki na sifa ndo msingi wa kuajiri na kupandisha vyeo, lakini hapohapo inataka utumishi uwakilishe jamii mbalimbali na nafasi sawa kwa wanawake, wanaume, makabila yote na watu wenye ulemavu. Na sheria yao ya uwiano na utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya watumishi kutoka kabila moja. Kwa mimi tafsiri ya kazini ni kuweka mstari wa kufaulu ambao hamna anayeuruka, halafu kati ya waliouvuka unaruhusiwa kuangalia sura ya nchi. Hatari ni pale uwakilishi unapotumika kumuingiza aliye chini ya mstari, na mara nyingi huyo ni mtoto wa mkubwa wa hiyo jamii, wala siyo yule wa shule ya juzi.

Wachina waliliona hili zamani kwa upande mwingine. Tangu enzi za ukoo wa kifalme wa Song, karne ya 10 hadi ya 13, kwenye mitihani yao ya kuingia serikalini jina lilifunikwa na makarani wakainakili karatasi nzima upya ili msahihishaji asitambue hata mwandiko. Baadaye, chini ya koo za kifalme za Ming na Qing, ofisa hakupangiwa kazi kwenye jimbo alikozaliwa, asije akazungukwa na ndugu. Na waliokwisha ingia walikuwa wanatathminiwa kila miaka 3. Mitihani yenyewe waliifuta 1905, lakini lile wazo la kuficha jina bado hatujalitumia hata kwenye kuchuja maombi, wakati siku hizi ni kubonyeza kitufe.

Panya wa Masjala

Msisahau na vyeti jamani. Tanzania 2017 uhakiki uliibua watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na hao wote walishapita kwenye mlango fulani, mtu alipokea cheti akasema sawa. Usaili wa haki juu ya cheti cha uongo ni kazi bure.

Kaimu wa Kudumu

Kweli Panya. Na kuna la kukaimu hatujaligusa, mtu anakaimishwa nafasi bila kushindanishwa na mtu, anakaa miaka, siku nafasi inatangazwa sifa zimeshonwa kwa vipimo vyake, "awe amewahi kuongoza kitengo kama hiki". Wapo wangapi zaidi yake? Jina langu humu siyo la bahati mbaya ila mi upande wangu ni kinyume, nakaimu tu na nafasi haitangazwi, maana ikitangazwa itabidi nilipwe.

Mkataba Unaisha

Nimesoma uzi wote kimya maana haya ndo yangu. Mkataba wangu unaisha karibuni, bosi nikimuuliza anasema "wewe fanya kazi, usiwe na wasiwasi". Tathmini yangu ya mwisho sijawahi kuiona, nilisaini ikiwa tupu akasema ataijaza. Shangazi nifanyeje? Sitaki ugomvi.

Shangazi wa Faili

Pole mwanangu. Ile tupu ilishapita, usiirudie tena hata akicheka na wewe. Sasa andika barua fupi, siyo ya malalamiko, ya heshima kabisa. Sema mkataba wako unaisha tarehe fulani, unaomba kuongezewa, taja kazi ulizofanya kwa kuzihesabu, taarifa ngapi, majalada mangapi, siyo "nimejituma". Omba pia nakala ya tathmini yako. Anuani iwe ya mkuu wa taasisi, kupitia kwa bosi wako, ndo utaratibu. Na uiandike sasa hivi muda ungalipo, barua ya wiki ya mwisho hamna anayeisoma.

Mkataba Unaisha

Na bosi akikataa kuipitisha?

Shangazi wa Faili

Usimpelekee mkononi. Peleka masjala na nakala yako, wagonge muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye zote mbili. Ikishaingia kwenye kitabu cha barua zilizopokelewa ina namba, itabidi mtu aijibu au aeleze kwa nini iko kimya.

Panya wa Masjala

Njoo mapema asubuhi kabla katibu muhtasi wake hajafika. Sisi tunagonga tu, hatuulizi.

Mkataba Unaisha

Naiandika leo usiku.